Mtaalamu wa Vichaka na Ua la Mlimani

Shinyanga haina mlima. Ina vilima vya mawe yaliyolundikana, ina mbuga ya udongo mweusi unaoganda kwenye viatu wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na ina luseni, mchanga tunaolimia karanga na mihogo. Hakuna anayekuja kwetu kutafuta maua ya penye barafu. Hata hivyo, mwaka 1934 jarida la bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, lilichapisha makala ndefu kuhusu mimea ya volkano za Virunga, kule Kigezi, Ruanda na Kivu zinakokutana, na aliyeiandika alikuwa mwajiriwa wa idara yenye makao yake Old Shinyanga. Aliitwa Bernard Dearman Burtt. Mshahara wake ulitoka katika fungu la mbung'o.

Nimeishi na jambo hili kwa miaka mingi, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa hapa na kazi yangu ilikuwa ya misitu. Watu wa vijijini walituita mabwana miti. Nimetumika Shinyanga, nimetumika Geita, na babu yangu mzaa baba aliwahi kuwa mkamata mbung'o wa kituo cha Old Shinyanga. Kwa hiyo nitakayoyaeleza mengine ni ya vitabu na mengine ni ya barazani kwetu.

Kwanza ua lenyewe. Katika milima mirefu ya Afrika Mashariki, juu ya msitu, juu hata ya vichaka vya mlimani ambako mtu anaanza kutweta, kuna mmea ambao mpandaji akiuona kwa mara ya kwanza husimama. Una shina nene kama la mti, refu kumpita mtu, kwenye spishi nyingine mita sita na zaidi, na kileleni una kichwa kimoja au vichwa kadhaa vya majani makubwa yaliyopangwa duara. Wataalamu huuita Dendrosenecio; waongozaji wa Kilimanjaro husema senesio tu. Ni wa familia ya alizeti. Alizeti ya Singida, pareto ya Mufindi, kishona nguo kinachong'ang'ania suruali zetu shambani, na jitu hili la kwenye baridi, wote ni ndugu. Alama ya ukoo ni moja: kile tunachokiita ua kwa kweli ni kusanyiko la maua madogo mengi yaliyobanana kwenye kitako kimoja, na kila kiua kizaacho hutoa mbegu yake, na mara nyingi mbegu hiyo huwa na manyoya ya kupeperukia.

Nililiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa chuo cha misitu cha Olmotonyi, Arusha. Chuo kile kipo kwenye miteremko ya Meru, na mwalimu wetu wa mimea hakuwa mtu wa kufundisha ubaoni akiridhika. Tulipanda naye. Chini kidogo ya kibanda cha Saddle alitusimamisha mbele ya senesio moja, akatuambia tuuguse ule mzigo wa majani makavu yaliyoning'inia kwenye shina. Mmea huu hauangushi majani yake yakifa. Huyabakiza yakavisha shina kuanzia chini hadi juu, na yale majani mafu ndiyo yanayozuia baridi isilifikie shina, ambalo katikati lina uboho uliojaa maji. Usiku, joto linaposhuka chini ya sifuri, majani mabichi ya juu hujikunja kuelekea ndani na kulifunika chipukizi. Asubuhi jua likitoka hufunguka tena. Mtaalamu wa Sweden, Olov Hedberg, aliyezunguka milima hii tangu mwaka 1948, alieleza kwamba kule juu kila siku ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi. Mjerumani Erwin Beck alikwenda mbali zaidi kwenye Mlima Kenya: akaonyesha kwamba majani hayo huganda kweli, barafu ikajengeka nje ya seli na siyo ndani yake, na jua likipanda yakayeyuka na kuendelea na kazi bila jeraha.

Mmea huu hauna haraka. Huweza kukaa miaka mingi bila kuchanua, kisha kichwa kimoja kikatoa shada refu la maua ya njano, na kikishachanua tawi lile hugawanyika. Ukihesabu migawanyiko ya matawi unapata kujua ni mara ngapi umewahi kuchanua tangu uote. Mimi niliyezoea mihogo ya miezi tisa na pamba ya msimu mmoja nilikaa pale nikihesabu matawi mpaka wenzangu wakanipigia mluzi.

Na kila mlima una senesio wake. Dendrosenecio kilimanjari ni wa Kilimanjaro, meruensis ni wa Meru, keniodendron na keniensis ni wa Kenya, elgonensis ni wa Elgon, na adnivalis na erici-rosenii ni wa magharibi. Mwaka 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walichunguza vinasaba vyao, wakapendekeza kwamba ukoo wote ulianzia Kilimanjaro yapata miaka milioni moja iliyopita, ukaruka kutoka mlima hadi mlima. Kati ya mlima na mlima kuna nini? Kuna nchi za joto kama yetu. Mbegu yake ikituama kwenye mbuga ya Shinyanga haioti. Ndiyo maana kila kundi limebaki kileleni kwake, limezungukwa na nyanda, na likiangamia pale halina pengine pa kuwa.

Sasa turudi nyandani, kwa mbung'o.

Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulizuka Maswa. Serikali ya Tanganyika ilimtuma Charles Swynnerton, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa wanyamapori, aangalie uhusiano wa mbung'o na ugonjwa ule. Alikuwa mkulima na mpenda ndege na miti kutoka mpakani mwa Rhodesia na Msumbiji kabla ya kuja huku, na tayari alikuwa na wazo lililokaa kichwani mwake: kwamba mbung'o hakai kila mahali porini, bali ana vichaka vyake anavyovitegemea kwa kivuli na kuzalia. Ukivijua vichaka hivyo na kuviondoa, huna haja ya kufyeka nchi nzima. Mwaka 1929 akawa mkurugenzi wa idara mpya ya utafiti wa mbung'o, na Old Shinyanga ikawa jina linalojulikana kwa wataalamu wa wadudu duniani kote. Kuna mbung'o anaitwa Glossina swynnertoni kwa heshima yake, naye ndiye aliyetutesa sisi na ng'ombe wetu hapa.

Kila kiangazi watemi waliwaita watu wao, wakaja kwa maelfu na mashoka na mapanga, wakafyeka. Wazee wa kwetu walilizungumzia jambo hili kwa namna mbili, na zote mbili nimezisikia katika kikao kimoja. Wapo waliosema ni kazi ya kulazimishwa. Wapo waliosema ng'ombe walikuwa wakifa, na mtu aliyekuja na dawa ya ng'ombe kufa asingeulizwa kabila lake. Nadhani wote walisema kweli.

Babu hakuwa mfyekaji. Yeye alitembea. Kituo kilikuwa na njia zilizopimwa porini, na vijana wenye nyavu ndogo za mkono walizipita njia zile zile siku baada ya siku, wakiwanasa mbung'o waliotua migongoni mwa wenzao, wakiandikisha ni wangapi, dume au jike, wenye njaa au walioshiba, na ni kwenye mimea gani. Mtaalamu mmoja wa kituo, C. H. N. Jackson, aliwatia mbung'o nukta ndogo za rangi mgongoni, akawaachia, kisha akahesabu ni wangapi wenye nukta wanaorudi wavuni. Kwa hesabu hiyo alikadiria mbung'o walio hai katika pori zima. Leo mtu akihesabu samaki, ndege au vipepeo kwa kuwatia alama, anatumia hesabu ya ukoo huo, na Jackson ni mmoja wa walioiasisi. Babu alisema kazi ya rangi ilihitaji mkono usiotetemeka, na kwamba walichaguliwa wasiokunywa pombe. Alipenda sana kutuambia hilo sisi wajukuu.

Mtu wa kuwaambia watu hawa wapo kwenye mimea gani ndiye alikuwa Burtt. Alizaliwa mwaka 1902, akaja Tanganyika akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na kazi yake ilikuwa kutembea na kuupa kila uoto jina na mipaka: hapa miombo, hapa migunga ya mbuga, hapa kichaka cha miiba, hapa kichaka kisichopitika. Mtu akitaka kufyeka kwa kuchagua lazima kwanza ajue anachochagua. Kwa sababu hiyo, idara iliyokuwa na shabaha ya kukata miti ndiyo iliyomlipa mtu aliyeijua miti kuliko wote nchini. Alikusanya maelfu ya sampuli, kila moja imekaushwa, imebandikwa na kuandikiwa mahali na tarehe, na nyingi zake hadi leo ziko Kew, London na Nairobi.

Ndiyo maana safari yake ya Virunga haikunishangaza nilipoisoma. Wengine walikwishafika kabla yake. Mjerumani Mildbraed alikuwa huko kwenye msafara wa mwaka 1907 na 1908, na Msweden Robert Fries mwaka 1911 na 1912 pamoja na Eric von Rosen, ambaye jina lake limo ndani ya erici-rosenii. Lakini Burtt aliutazama mlima kwa jicho alilolinolea porini kwetu. Maswali yake ya Shinyanga yalikuwa ni uoto gani unaanzia wapi, unaishia wapi, na kwa nini unaishia pale. Ukimpeleka mtu wa namna hiyo Muhabura au Karisimbi, mlima wenye mita 4,507, atapanda akiupima uoto unavyobadilika: mianzi, kisha mihagenia mikubwa yenye kuvu na ndevu za miti, kisha lobelia na senesio, kisha nyasi na jiwe tupu. Ni jambo lile lile alilokuwa akilifanya kati ya Shinyanga na Kondoa, ila huku hatua moja ya mita mia tano kwenda juu inakupitisha katika nchi tatu.

Na hakwenda peke yake, kama ambavyo hakuna aliyekwenda peke yake enzi zile. Karatasi za kukaushia mimea ni mzigo. Zinabebwa kavu na kurudishwa zimelowa, na kila jioni lazima zibadilishwe mbele ya moto, la sivyo ukungu unakula kila kitu. Kwa senesio kazi ni kubwa maradufu, kwa kuwa jani lake moja linaweza kuzidi urefu wa karatasi, na shina lake limejaa maji. Nimewahi kuikausha sampuli ya Meru mimi mwenyewe pale chuoni, na baada ya juma zima bado ilikuwa ikitoa unyevu. Mtu aliyezishusha kutoka Virunga zikiwa nzima alikuwa na wasaidizi waliojua kazi, na ujuzi huo wa kukausha, kufunga na kuandikisha ulikuwa umejengwa katika kambi za porini za idara ya mbung'o.

Juni 1938 Swynnerton na Burtt waliuawa pamoja katika ajali ya ndege. Burtt alikuwa hajatimiza miaka arobaini. Kitabu chake cha kutambulia miti, vichaka na mimea tambazi ya savana za Tanganyika kilitoka Dar es Salaam mwaka uliofuata, naye amekwishazikwa. Jackson, yule wa nukta za rangi, alikusanya daftari zilizobaki za mwenzake, akazihariri, na mwaka 1942 zikachapishwa katika jarida la ikolojia la Uingereza kama maelezo ya jamii za uoto za Afrika Mashariki. Naliona hilo kuwa tendo la rafiki. Vita vilikuwa vimepamba moto, karatasi ilikuwa adimu, na mtu wa mbung'o alikaa akipanga sentensi za marehemu kuhusu vichaka.

Ufyekaji haukufa nao. Uliendelea, na ile hekima ya kuchagua ikapotea njiani. Kukata kichaka fulani kwa sababu fulani kunahitaji mtu anayekijua. Kukata vyote kunahitaji shoka tu. Baada ya Vita vya Pili mpango wa maendeleo wa Usukuma ulisukuma watu na mifugo kwenda nchi mpya, Geita ikiwa mojawapo, na popote walipokwenda pori la mbung'o lilifunguliwa mbele yao. Pamba ikafuata. Ng'ombe wakaongezeka. Kufikia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishwa na kuacha ngitili zao, yale malisho waliyokuwa wakiyafunga kwa ajili ya kiangazi, sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa vumbi. Nikiwa mtoto nilimsindikiza mama kutafuta kuni mwendo wa nusu siku. Babu alituonyesha kwa fimbo mahali njia zake za mbung'o zilipopita, na pale paliposimama vichaka vya Burtt palikuwa na mavi ya ng'ombe na upepo.

Mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza mwaka 1986 kwa msaada wa Norway, nami nikaajiriwa miaka michache baadaye. Mwanzoni tulipanda miche, na mingi ilikufa. Kilichofanikiwa kilikuwa chini ya ardhi tayari: visiki na mizizi ya miti ile iliyofyekwa miaka hamsini nyuma. Tulipowashawishi watu wafunge ngitili zao tena, wazuie moto na mifugo, migunga na mikambala ilichipuka yenyewe. Maelfu kwa maelfu ya hekta zilirudi, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Katika kuandika ni mti gani umerudi wapi, kitabu tulichokuwa tukikifungua ofisini, kimelegea gamba na kurasa zake zimeliwa na mchwa pembeni, kilikuwa kile cha Burtt. Kitabu kilichoandikwa ili nchi ifyekwe vizuri kilitusaidia kuirudisha.

Geita nilikutana na upande mwingine. Mgodi wa zamani wa wakoloni ulifungwa mwaka 1966, na ule mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000, lakini miti inamalizwa zaidi na wachimbaji wadogo wa dhahabu, na siwalaumu kwa kutaka kurudi nyumbani wakiwa hai. Duara, shimo lao la kuchimbia, likishuka mita hamsini linahitaji matimba, na matimba ni magogo. Kila kuta za duara zinapolegea, mtu anakwenda porini. Nimekaa na mmiliki wa duara mmoja tukizungumza saa nzima juu ya mninga na mkola, ni upi unastahimili unyevu chini na ni upi unaooza, na aliijua miti ile vizuri kuliko mimi. Ujuzi wa namna hiyo ndio Burtt alikuwa akiuandika. Upo bado, umo vichwani mwa wanaokata.

Senesio wa mlimani nao hawako salama kwa sababu tu wako juu. Oktoba 2020 moto uliteketeza kilomita za mraba 95 hivi za Kilimanjaro, na mwaka 2022 ukawaka tena. Yale majani makavu yanayovisha shina, kinga nzuri ya baridi, ni nishati nzuri ya moto pia. Lakini Kilimanjaro ilizimiwa moto na mamia ya watu, wanafunzi na wanajeshi wakiwemo, kwa sababu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1973 na dunia nzima inaitazama.

Ninachotaka vijana wa misitu wakitazame ni kingine. Mwaka 1931 Edmund Baker na Arthur Exell wa makumbusho ya London walipokea mmea mmoja usio na jenasi, wakautengenezea jenasi mpya kwa heshima ya aliyeukusanya: Burttia prunoides. Hauoti mlimani. Unaota katika kichaka cha Itigi, kichaka kile kizito cha nyanda za kati, kisichozidi mita chache kwa urefu, ambacho katika dunia nzima kipo Tanzania ya kati na kipande kingine kaskazini mwa Zambia. Kimezungukwa na miombo kama senesio alivyozungukwa na nyanda, na hakina barafu ya kuwavutia watalii. Sehemu kubwa yake haimo katika hifadhi yoyote, na kinafyekwa kwa mashamba na mkaa.

Ukipanda treni Shinyanga kwenda Dar es Salaam, ukishaipita Tabora utafika Itigi. Nimewaomba maafisa vijana wa wilaya zetu wapange safari ya kwanza ya mafunzo pale kabla ya ile ya Meru, wachukue na karatasi za kukaushia, na kila sampuli waandike majina ya wote waliokuwepo siku hiyo, aliyekata, aliyebeba na aliyekausha. Wawili wamekubali, na tumeanza kutafuta nauli.